Njoo Palizini na Kikapu

Leo tunaingia nyuma ya jiko, kwenye bustani, na naanza na kijana mmoja aliyenisafishia yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi. Masika yalikuwa yameshashika, wiki ya tatu hiyo, mvua inanyesha usiku na asubuhi jua linatoka kama halina habari. Nyuma ya nyumba yangu hapa Tanga nina kijibustani cha hatua kumi na nne kwa tisa. Nimekipima kwa miguu yangu mwenyewe. Nikapata msiba Muheza, nikaondoka siku tatu. Nilimwomba kijana wa jirani awatazame kuku. Kijana ana adabu zake, hakuishia kwenye kuku. Alishika jembe, akalipitia shamba zima, kisha akapiga reki. Niliporudi nilikuta vitu viwili tu vimesimama: mistari minne ya mahindi na tuta moja la mchicha wa mbegu ya dukani. Kwingine kote udongo mtupu.

“Mama, nimekusafishia,” akaniambia, uso umemchangamka.

Kwenye kona ya uzio palikuwa na lundo. Nikalisogelea. Mgagani ulikuwa umefika shubiri moja, majani yake bado mateke. Mchunga. Mlenda. Mnavu, miche sita niliyokuwa naiangalia kila asubuhi kama mtu anayeangalia maziwa yasifurike motoni. Vyote vimelaliana, vimenyauka. Njiani kwenye basi nilikuwa nimeshapanga chakula cha jioni, na chakula chenyewe ndicho kile pale chini.

Nikamshukuru. Ungesema nini? Mtu amekupa jasho lake bure. Nikampa maji ya kunywa, tukakaa kwenye kizingiti.

Hazikupita dakika nyingi, hodi. Ni bibi wa nyumba ya tatu, amekuja kunipa pole ya msiba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, macho yake yameshafika kwenye kona ya uzio.

“Mwanangu, hizi mboga mmezitupa au mmezianika?”

Kijana akacheka. “Bibi, hayo ni magugu.”

“Magugu ya nani?”

Hakungoja jibu. Alikunja kanga, akachuchumaa, akaanza kuchambua. Alichukua nusu saa nzima, na alichokiokoa kilijaa ungo.

Swali lile la bibi ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Magugu ya nani? Kwa mwenye mahindi, mgagani ni gugu. Kwa mwenye sufuria, ni mboga. Na majumbani mwetu hawa wawili ni mtu mmoja: anayelima asubuhi ndiye anayepika jioni, au walau wanalala chini ya bati moja. Tatizo linaanza pale anayelima anapokuwa hajawahi kusimama jikoni.

Mimi nimekulia Muheza, kwenye udongo mwekundu na michungwa. Shangazi yangu alikuwa haendi palizini bila kikapu. Wakati mwingine kikapu hakipo, anafunga kanga ya pili kiunoni inakuwa mfuko. Jembe linapiga, anainama, anaokota, anakung’uta udongo kwenye mizizi, anatia kikapuni, jembe linapiga tena. Sisi watoto tulifundishwa kutofautisha kabla ya kufundishwa kusoma. Ukitia majani yasiyofaa unapigwa kikofi cha mkono na unaambiwa jina lake. Saa nne mahindi yamepaliliwa, na kikapu kina mboga ya mchana na ya usiku.

Nimekuja kuelewa ukubwani jinsi kazi ile ilivyokaa sawa na majira. Palizi ya kwanza inaangukia wiki ya pili au ya tatu baada ya mahindi kuota. Ni wakati huohuo mgagani na mlenda vinakuwa laini kabisa, kabla havijatoa maua na kukomaa shina. Na ni wakati huohuo ghalani hamna kitu. Mahindi ya msimu uliopita yamekwisha, yamebaki yale ya mbegu yanayoning’inia juu ya moto yakila moshi, na hayo hayaguswi hata mgeni akija. Mahindi mapya yako kwenye goti. Muhogo upo, lakini muhogo mtupu humchosha mtu siku ya tatu. Katika mwanya huo wa njaa ndipo ardhi inapotoa kitu ambacho hakuna aliyekipanda.

Sisemi magugu hayadhuru. Mahindi yakisongwa wiki zile za mwanzo hayanyanyuki tena vizuri, mkulima yeyote anajua. Palilia, tena kwa wakati. Ila nenda na kikapu.

Wazee wa pwani walikuwa na hesabu yao ya majira. Mwaka wao ulianza siku ya Mwaka, ile ambayo Makunduchi, Unguja, bado wanaiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa, na kutoka hapo siku zikahesabiwa kwa makumi, mwongo baada ya mwongo. Nahodha alijua mwongo gani anatweka tanga, mkulima alijua mwongo gani anatia mbegu. Siku hizi tunasikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa, nami nawasikiliza, wanapotoa utabiri wa vuli na wa masika nakaa karibu na redio. Lakini bado naamini jiko linasoma majira kwa namna yake. Nikiona sokoni mafungu ya mgagani najua bara mvua imeshika. Nikiona yamebaki matembele na kisamvu tu, najua tumeingia kiangazi.

Sasa tuvitazame vyenyewe, maana huenda unavikanyaga kila siku.

Mgagani una jani lililogawanyika vidole vitano, mara nyingine vitatu au saba, shina lenye vinyweleo vinavyonata kidogo, maua meupe, na vitumba vyembamba kama kunde za mtoto. Una harufu yake, wasioizoea hukunja pua. Mombasa watu wanauita mwangani, na ukienda sokoni Nairobi utaambiwa saga. Mnavu huko ni managu, mchicha ni terere, mlenda ni mrenda. Nayasema haya kwa sababu nimewahi kusimama kwenye soko la Nairobi nikiuliza mnavu, muuza mboga ananitazama kama nimeuliza bei ya mwezi, na kumbe managu imejaa mbele yangu. Kenya, niwasifu, wamezirudishia mboga hizi heshima yake. Watu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia wamezifanyia kazi miaka mingi, na mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano ya kuigwa. Leo managu inauzwa mpaka supamaketi. Kwetu bado mtu anaficha mchunga chini ya kapu, juu anaweka kabichi.

Mchunga ndio mboga ya watu wa pwani hasa, Wadigo, Wabondei, Wagiriama na jamaa zao. Jani lake refu, lina mashavu, ukilikata linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Uchungu wake ni wa kweli, haubembelezi. Mizizi yake inatambaa chini kwa chini, na jambo hilo mlikumbuke, tutalirudia.

Usichume usichokijua. Hili nalisema kwa ukali kidogo. Mnavu tunakula majani, tena yakiwa yamepikwa. Tunda lake bichi la kijani achana nalo, lina sumu. Uyoga usiufuate kwa kubahatisha. Kama hukufundishwa na mtu anayeujua mmoja mmoja kwa jina, nunua kwa anayeujua au kaa bila. Wala usichume kando ya mtaro wa maji machafu, wala kwenye shamba la mtu aliyepiga dawa ya kuua magugu. Hiyo dawa imeniuma mwenyewe. Nyuma ya uzio wangu kuna kiwanja kilichokuwa hakijajengwa, na kila vuli tulikuwa tunachuma pale, nyumba nne tano. Msimu mmoja mwenye kiwanja akaleta mtu na bomba mgongoni. Siku nane baadaye pamekauka pote, rangi ya ugoro. Kiwanja ni chake, sina neno. Lakini hakuna aliyetuambia, na mjukuu wa jirani alikuwa ameshaingia pale asubuhi ileile ya dawa na bakuli. Tulizimwaga zile mboga, tukamwosha mikono mtoto, tukashukuru Mungu. Ukipiga dawa, tafadhali, mwambie jirani.

Kuna mboga nyingine ambayo haioti na mvua, ipo mwaka mzima, na kila nikiipika nakumbuka historia. Kisamvu cha mpira. Kisamvu cha kawaida kila mtu anakijua, majani ya muhogo. Wenzetu wa Kongo wanakiita sombe. Hiki cha mpira kinatoka kwenye mti mkubwa, unapanda mpaka juu ya paa, majani yake yanafanana na ya muhogo kwa sababu ni ndugu wa muhogo, asili yake Brazil. Muheza utauona kwenye mipaka ya viwanja na nyuma ya nyumba. Nani aliuleta? Wajerumani. Waliupanda kwa maelfu, Tanga, Morogoro na kwingine, wakitaka utomvu wake wa mpira. Bei ilikuwa nzuri. Kisha mashamba ya Asia, yenye mpira wa aina nyingine ulio bora, yakaanza kutoa mali kwa wingi, na mwaka 1913 bei ikaanguka kifudifudi. Mabwana shamba wakang’oa, wakapanda mkonge. Miti mingine ikabaki, na bibi zetu, ambao bei ya mpira duniani haikuwahusu, wakachuma majani wakaonja.

Hadithi haikuishia hapo. Juu kule Amani, milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, baadaye ikawa ya Waingereza. Katika miaka ya 1930 wataalamu Storey na Nichols walikuwa wanahangaika na ugonjwa wa batobato uliokuwa unakunja majani ya muhogo. Wakauchanganya muhogo na mti huuhuu wa mpira ili upate ukinzani. Walifanikiwa, na vizazi vya mbegu ile vilisafirishwa baadaye hadi Nigeria. Damu ya mti wa mpira imo katika mihogo mingi inayolimwa Afrika leo. Kwa hiyo ukikaa Muheza unakula kisamvu cha mpira na bada, ambayo kwetu Tanga ndiyo ugali wa muhogo, elewa kwamba ndugu wawili wamekutana sahani moja.

Kisamvu, cha muhogo au cha mpira, kina masharti. Majani yana kitu kinachotoa sumu, na dawa yake ni kinu. Ukitwanga, jani linapasuka na ile sumu inaanza kuvunjika. Twanga hadi iwe laini kabisa, iache kidogo, kisha chemsha vizuri bila kufunika sufuria, mvuke utoke uende zake. Wale wanaochukua majani mazima wakayachemsha dakika kumi wakala, sijui wanawahi wapi. Siku hizi sokoni unapata kisamvu kilichosagwa kwa mashine, kimefungwa kwenye mfuko. Sina ugomvi nacho, mradi umekiona kikisagwa.

Haya, sasa tuingie jikoni na mchunga. Hapa nitachukua muda wangu.

Ule ungo wa bibi tuligawana. Mchunga wangu ulikuwa kama mikono miwili iliyojaa. Nikauchambua, nikatoa mashina magumu na majani ya manjano. Kuosha ni mara tatu, udongo wa Tanga una mchanga, na mchanga kwenye mboga unaharibu hata mazungumzo ya mezani. Majani niliyakatakata kiasi, bila kuyasaga. Nikabandika maji, yakachemka kweli kweli, ndipo nikatumbukiza mchunga, dakika nne au tano, nikachuja. Kuna wanaokamua mpaka tone la mwisho ili uchungu wote uishe. Mimi nawaona wamekosea mboga. Kama hutaki uchungu, pika mchicha. Mwaga maji, bonyeza kidogo kwa mwiko, basi.

Nazi moja. Nikaikuna, nikakamua tui zito nikaliweka kando, kisha nikatia maji tena machichani nikapata tui la pili. Kwenye chungu nikaweka kitunguu kimoja, nyanya mbili zilizoiva sana na tui la pili, vikatokota mpaka nyanya ikapotea. Nikatia mnavu, halafu mchunga, halafu mlenda kidogo, gao moja tu. Mlenda ndio siri ya bibi. Ule utelezi unaushika uchungu, unaulainisha unapopita kooni. Ukizidisha unapata kitu kingine, mchuzi wa kuvuta. Pilipili mbuzi nzima, haijapasuka, ikaelea juu kwa ajili ya harufu. Chumvi. Mwisho tui zito, na hapo moto ukapungua, mwiko haukutoka mkononi, unakoroga taratibu upande mmoja hadi litulie, maana tui likikatika umebaki na mafuta na maji na aibu. Likianza kupumua mapovu madogo, epua.

Tulikula na bada na dagaa wa kukaanga. Kijana naye alikula, tulimkaribisha. Tonge la kwanza alifumba jicho moja. La tatu alikuwa ameshasogea karibu na bakuli.

Mezani nilikata ndimu. Msikilizaji, hii ndimu si ya mbwembwe. Mboga za majani zina madini ya chuma, lakini mwili unayapokea kwa shida, na ukali wa ndimu unausaidia. Chai ya rangi juu ya chakula hufanya kinyume, inayazuia; subiri saa moja ndipo unywe. Nazi au karanga nayo ina kazi, kwa sababu ile lishe ya macho iliyomo kwenye majani ya kijani kibichi inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Bibi zetu waliotia tui na karanga hawakupata darasa hilo popote, ladha iliwafikisha. Walipokosea, kwa maoni yangu, ni kwenye magadi. Magadi yanalainisha mlenda na kisamvu haraka, na kuni zinaokolewa, naelewa. Lakini yanaua vitamini, hasa vitamini C. Ukiweza kuacha, acha. Ukishindwa, iwe ncha ya kidole.

Bustani yenyewe haihitaji shamba. Jambo moja la kujua ni kwamba tuta la masika halifai kiangazi. Masika, inua udongo, maji yapite pembeni, mizizi isizame. Ikifika Juni, kipupwe kimeingia na mvua zimekwenda, geuza: chimba tuta la kuzama, kina cha kiganja, udongo uwe ukingo pembeni ili kila tone unalomwaga libaki. Chini yake mimi nafukia makumbi ya nazi, nimeyapanga kama mabakuli yanayotazama juu. Yanashika maji siku nyingi. Maji ya kuoshea mchele na mboga yote yanakwenda hapo. Juu nafunika majani makavu ya mgomba. Kwenye tuta kama hilo marando ya viazi vitamu hayafi hata Agosti, na tembele unachuma wiki hadi wiki.

Mchicha mbegu zake ni ndogo kama baruti. Zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, la sivyo zinaota rundo mahali pamoja. Kunde, chuma majani mapema na kwa kiasi, zikitoa maua ziache zifunge. Wadudu mafuta wakija kwenye kunde, majivu asubuhi na umande. Kuku, hakuna dawa, ni uzio wa makuti tu.

Wenzetu wa Dodoma wanatupita jambo moja, kuhifadhi. Mvua yao ni moja kwa mwaka, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, halafu anga inafungwa. Wagogo wanachuma mlenda wakati upo, wanaukausha, wanautwanga unga, na miezi ya ukame unga ule ndio mboga. Sisi watu wa pwani tumezoea kuona kijani mwaka mzima, hatukaushi, kisha Septemba tunanunua fungu la mchicha lenye mashina sita kwa bei ya kuchekesha. Nimeanza kujaribu. Majani ya kunde, mgagani, nayapitisha kwenye maji ya moto kidogo, nayaanika kivulini penye upepo. Juani yanakauka upesi lakini yanapoteza lishe ile ya macho niliyoitaja, na rangi pia. Kwa unyevu wa Tanga mara mbili yameota ukungu, nikayatupa. Mara ya tatu nikaanika Februari, kaskazi inavuma, yakakauka siku tatu, yakalia kama karatasi.

Na mbegu. Watu wengi wanadhani mboga za kuota zenyewe hazina haja ya mbegu. Arusha kuna kituo cha World Vegetable Center, kimekuwepo tangu 1992, kinatunza mbegu za mboga zetu za asili, mnavu, mgagani na mchicha wa kila namna. Nafurahi kipo. Lakini hakiwezi kuja kunimwagia mgagani nyuma ya jiko langu.

Kwa sababu haya ndiyo yaliyotokea. Mchunga niliwaambia mizizi yake inatambaa. Jembe la kijana liliikatakata, na kila kipande kikawa mche. Siku ya kumi na mbili ulirudi, tena umezidi wa mwanzo. Mgagani haukurudi. Huo unategemea mbegu, na masika yale hakuna shina hata moja lililobaki kufunga vitumba. Aprili, Mei, Juni, sikuchuma.

Mwisho wa Juni bibi akaja na kifundo kwenye pindo la kanga. Alifungua, mbegu nyeusi, ndogo, zimekunjika kama konokono. Aliacha shina moja kwake bila kulichuma hata jani, akalingoja likauke, akakata vitumba kabla havijapasuka. Nilitaka kuzimwaga siku ileile, akanishika mkono. Mbegu mbichi ya mgagani inalala, akasema, ukiimwaga sasa itakudanganya. Iache miezi mitatu, minne. Nimeziweka kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, kikavu, kabatini.

Vuli iko mlangoni. Kijana ameshaniuliza lini tunalima. Nimemwambia mvua ya pili ikinyesha, na aje na kikapu chake mwenyewe, changu kimoja hakitatosha. Nawe msikilizaji, utakapopalilia Novemba, acha shina moja la mgagani kwenye kona, ufunge kitambaa chekundu, uwaambie wote nyumbani lisiguswe.